Sanduku Halifunguliwi Ila kwa Mgonjwa

Mwinyihaji alikuwa akishuka feri upande wa Likoni, mwilini koti la mtu mwingine na usoni tabasamu lake mwenyewe, alipoona watu wamejaa penye mteremko wa kivuko. Katikati yao amelala mchukuzi mmoja, gunia la mchele ubavuni, mikono yote miwili ameikandamiza kinenani. Jina lake Ruwa, na mshipa wa ngiri uliomsumbua miaka miwili ulikuwa umemwangusha tena. Mtu akavua kofia akaizungusha. Thumuni zikaanguka, senti kumi zikaanguka, hata bibi mmoja muuza mchicha akafungua pindo la leso yake akatoa alichokuwa nacho.

Mwinyihaji hakumtazama mgonjwa. Alitazama kofia.

Akawaza: ikiwa watu hawa watoa thumuni kwa ugonjwa wa mwenzao uliokwisha kuja, je, watatoa nini kwa ugonjwa wao wenyewe ambao haujaja? Wazo likampendeza sana, hata naye akatia senti tano. Na iandikwe mahali, maana hiyo ndiyo pesa pekee ambayo watu wa Timbwani walipata kutoka kwake kwa hiari.

Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili. Uhuru ulikuwa mlangoni unabisha hodi, na kila mtu alikuwa akigawa kadi ya kitu fulani. Huyu alikuwa na kadi ya chama hiki, yule ya chama kile, mwengine alikuwa na zote mbili akingoja aone upepo. Mtu mmoja zaidi akija na kadi, nani atashangaa? Juma halijaisha, Mwinyihaji alikuwa amepanga chumba Timbwani, amenunua kitabu cha risiti, na amechongesha muhuri wa mpira wenye picha ya nyoka aliyejizongazonga kwenye fimbo.

"Huyu ndiye nyoka wa madaktari," aliwaambia watu barazani kwa Fundi Ishaka mshonaji.

Fundi Ishaka aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Sisi hapa nyoka akiingia kwa mgonjwa twampiga."

"Ndiyo sababu mwafa, fundi. Wenzenu wamemwajiri."

Watu wakacheka, na mtu akishacheka huwa amekwisha kukaribisha. Mwinyihaji akaketi, akakunja kanzu chini ya lile koti, akaeleza. Hii ni Bima ya Afya. Si bahati nasibu, si kamari, haramu haimo. Ada ni shilingi moja kila mwezi. Ukitimiza miezi sita ukaugua, kitanda cha hospitali, kisu cha daktari, dawa, yote ni juu ya Bima.

"Na nisipougua?" akauliza Fundi Ishaka.

"Umshukuru Mungu."

"Na shilingi zangu?"

"Nazo zitamshukuru Mungu."

Fundi Ishaka akafikiri. Alikuwa mtu ambaye akikushonea kanzu, mtoto wake huvaa kofia ya kitambaa hicho hicho siku ya pili. "Hebu nambie, bwana. Nikiwa na kadi mbili, homa moja italipwa mara mbili?"

Mwinyihaji alimwangalia kwa mapenzi, kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea utotoni. "Mara mbili, fundi. Ukiwa na tatu, mara tatu. Lakini tatu ni tamaa."

Fundi Ishaka akakata tatu.

Baada ya hapo kadi zilikwenda zenyewe. Wachukuzi walikata, wauza samaki walikata, wapishi wa hoteli za Shelly Beach walikata. Kadi ya kwanza kabisa Mwinyihaji alijiandikia yeye, akaitia tarehe ya mwezi mmoja nyuma. "Kiongozi hutangulia," akasema, na watu wakaona huo ni unyenyekevu.

Sidi alikata moja tu, ya mumewe. Sidi huyu ndiye mke wa Ruwa, mkaanga mihogo wa pale kivukoni, mwanamke wa maneno machache mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Wengine walikata kadi kwa sababu wenzao wamekata. Sidi alikuwa na sababu yake. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi: mshipa wa mumeo wataka kupasuliwa. Sasa hivi ukitoka warudi ndani. Siku utakayotoka usirudi, hiyo siku usingoje kesho. Na kupasuliwa kulikuwa na bei ambayo muhogo haukaangiki ukaifikia.

"Miezi sita, Ruwa," alimwambia mumewe usiku ule. "Usinyanyue kitu kizito miezi sita."

"Mimi ni mchukuzi, Sidi. Ninyanyue nini, manyoya?"

Mwezi wa kwanza na wa pili mambo yalikuwa shwari. Wa tatu, ada ikawa shilingi mbili. Mwinyihaji alikuja mwenyewe nyumba kwa nyumba kuleta habari, kwa uso wa mtu aliyetoka kuzika. Mvua za mwaka zimekuwa nyingi, alisema. Mvua huleta mbu, mbu huleta homa, homa huleta gharama. Si yeye aliyepandisha. Ni mbu.

Mwezi wa nne ikawa shilingi tatu na thumuni. Safari hii haikuwa mbu, ilikuwa Uhuru.

"Madaktari wa Kizungu wafunga mizigo," akawaambia barazani. "Watabaki wachache. Kitu kikiwa kichache hufanyaje?"

"Hupanda," wakaitika, maana walikuwa watu wa sokoni na sheria hiyo waliijua.

"Mimi nimesema nini?"

Lakini palikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanakheri, mjane mwenye nyumba ya makuti karibu na msikiti, ambaye mtaa mzima ulimwekea amana: pete za harusi, hati za mashamba, hata meno ya dhahabu ya marehemu fulani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akichambua mchele.

"Mwinyihaji, mwanangu," akasema bila kuinua uso. "Ada yapanda kama mnazi. Mnazi ukipanda hivyo mtu huona madafu. Zetu ziko wapi?"

"Ziko salama, bibi. Kwangu."

"Salama kwako! Na huyo salama mwenyewe, ni nani amlindaye?"

Watu wakaguna. Mwinyihaji alikuwa na masikio mazuri. Aliweza kusikia mguno unaotaka kugeuka kuwa vurugu. Akakubali haraka, na kukubali haraka ni ustadi wa watu wa kazi ile. Sanduku la bati likanunuliwa. Sanduku likae kwa Bi Mwanakheri, chini ya kitanda. Ufunguo akae nao Mwinyihaji, shingoni. Na kanuni ikatungwa pale pale: sanduku halifunguliwi ila kwa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe awepo. Bi Mwanakheri akaapa mbele ya watu sitini kwamba hatalitoa kwa jambo jingine lolote, na mtu yeyote aliyemjua alijua kwamba kiapo chake kilikuwa kizito kuliko lile bati.

Za miezi mitatu ya kwanza hazikuulizwa. Zilikuwa zimekwisha kuwa biriani.

Mwezi wa tano ada ikawa shilingi tano. Na kwa wale waliojulikana kuwa na maradhi, saba. Waliojulikana kuwa na maradhi walikuwa mtu mmoja. Ruwa akauza baiskeli yake, akalipa.

Siku tatu baadaye mshipa ukamwangusha tena, ukakaa nje tangu asubuhi hadi adhuhuri ndipo ukarudi. Sidi akafunga leso, akaenda kwa Mwinyihaji, akamkuta anakunywa kahawa kwa Fundi Ishaka.

"Hodi, bwana. Nimekuja kwa habari ya mume wangu. Nakuomba usingoje mwezi wa sita."

"Dada yangu Sidi," akasema Mwinyihaji, akaweka kikombe chini kwa heshima, "hata wa sita ukifika haitawezekana. Ugonjwa wa Ruwa ulikuja kabla ya kadi. Bima si ya kumvisha aliye uchi. Ni ya aliyevaa, asije akachanikiwa."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza."

Sidi akamtazama. "Kwa nini basi yeye alipa saba na wenziwe walipa tano?"

"Kwa sababu ni mgonjwa."

"Kwa hivyo ni mgonjwa wa kulipa, lakini si mgonjwa wa kulipiwa."

"Wallahi," akasema Mwinyihaji, na kweli alivutiwa, "umeifahamu bima kuliko wote hapa."

Fundi Ishaka akatikisa kichwa kwa busara. "Kanuni ni kanuni, mama." Yeye alikuwa na kadi tatu na hakuwa na ngiri.

Sasa mwezi wa sita ulikuwa waja, na mwezi wa sita ukitimia watu sitini watakuwa na haki ya kuugua. Mwinyihaji alikuwa mtu wa kuondoka kabla ya haki za watu. Alijua Changamwe palikuwa na mtaa mpya ambao haujamwona. Lakini shilingi mia tano na zaidi zilikuwa chini ya kitanda cha ajuza asiyelala mchana, na hazitoki ila kwa mgonjwa. Alilipindua jambo hili huku na huku, mwisho akaliona lilivyo jepesi. Kati ya watu wote wa Timbwani ni mmoja tu mwenye kadi iliyotimiza miezi sita. Na huyo mmoja yuko tayari kuugua hata leo.

Akachagua maradhi kama mtu achaguavyo shati. Homa ni rahisi mno kutibiwa. Jicho huonekana. Mguu humzuia mtu kukimbia. Akachagua kidoletumbo, kile kijipande cha utumbo kinachovimba ghafla: hakionekani kwa nje, hakitibiwi nyumbani, na kina bei.

Jumatatu baada ya swala ya alasiri, Timbwani nzima ilisikia ukelele.

Hapa lazima tuseme neno juu ya kosa la Mwinyihaji, maana wajanja wengi huanguka kwa kosa dogo lisilo na ujanja ndani yake. Alikuwa amekaa mitaa mingi: Kisauni, Mikindani, hata Tanga. Alikuwa amewajua watu kwa mifuko yao, kwa tamaa zao, na kwa woga wao. Lakini hakuwahi kukaa mtaa mmoja mpaka akaugulia hapo. Hakujua watu hao humfanya nini mgonjwa.

Ukelele haujatulia, chumba kilikuwa na wanawake kumi na mmoja. Mmoja amemshika kichwa, mmoja miguu, mmoja anafungua dirisha, mwengine anafunga dirisha lile lile.

"Poleni, poleni," akagumia Mwinyihaji, akasahau kwamba yeye ndiye wa kupewa pole. "Ni kidoletumbo. Nakijua. Nileteeni sanduku, nivuke kisiwani sasa hivi. Nitakwenda peke yangu, msisumbuke."

"Peke yako!" Bi Mwanakheri aliweka mkono kifuani. "Mgonjwa asiye na mtu ni wa mtaa mzima. Hospitali ni mwisho, mwanangu. Kwanza tukutazame sisi."

Wakamtazama. Walimtazama Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Walimfunika blanketi tatu juu ya chungu cha majani ya mwarobaini yanayofoka mvuke, wakamkalia pembeni ili asitoke. Walimnywesha mafuta ya nyonyo, na mafuta ya nyonyo hayajali kama mtu ni mgonjwa au la. Walimkatalia chakula, maana tumbo liumalo halipewi kazi. Wageni walikuja kumjulia hali tangu alfajiri mpaka saa nne za usiku, na kila mgeni aliuliza lilianzaje, na kila mara Mwinyihaji alihadithia upya huku amejikunja. Mzee mmoja aliyekuwa kiziwi aliuliza mara nne. Kulala alilala mara moja tu, akaamshwa kuulizwa kama amelala.

"Yakhe, waendeleaje?" Fundi Ishaka alikuwa anakuja mara mbili kwa siku, kwa sababu wageni walipewa kahawa. "Unajua nakuonea wivu? Bima italipa, nawe una kadi moja tu. Ungekuwa na tatu!"

Jioni ya Jumatano Sidi alileta sinia la mahamri na mbaazi za nazi kwa ajili ya wageni. Aliliweka juu ya kibao karibu na kichwa cha mgonjwa. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa watu wakatoka kwenda kuswali, naye Sidi, ambaye si Mwislamu, akatoka pia, akasimama nyuma ya ukuta kwa muda wa kutosha mtu kutafuna. Alipoingia, mgonjwa alikuwa amefumba macho, anagumia polepole. Sidi alikuwa ameleta mahamri ishirini. Yalikuwa kumi na sita. Kwenye masharubu ya Mwinyihaji palikuwa na tui.

Sidi alichukua ncha ya leso akamfuta, kama mama.

Kisha akaenda jikoni kwa Bi Mwanakheri. "Mamangu, mgonjwa wetu ana tumbo zima kuliko langu."

Akamweleza. Bi Mwanakheri akashika mwiko, akasimama.

"Keti, mamangu."

"Niketi! Siku tatu namkanda miguu! Niache nimpe dawa ya mwisho!"

"Ukimpiga atakimbia na ufunguo shingoni. Tena ataambia watu tumemwonea. Wewe umeapa, nami sitaki uvunje kiapo chako kwa ajili ya mume wangu." Sidi akachochea makaa. "Sanduku halifunguliwi ila kwa mgonjwa. Basi mgonjwa tunaye. Tumpeleke akapasuliwe."

Bi Mwanakheri akaweka mwiko chini taratibu, akaanza kutetema mabega kwa kicheko, na Sidi ilibidi amzibe mdomo kwa leso.

Asubuhi ya Alhamisi Mwinyihaji aliambiwa mtaa umekubali. Machozi yalimtoka, na hayo yalikuwa ya kweli. Alijua akishafika kisiwani atasema niacheni hapa na sanduku, nitalipa mwenyewe. Kisha mlango huu atoke mlango ule.

Walimlaza juu ya kitanda cha kamba wakambeba wanaume wanne. Nyuma yao walifuata watu kumi na wanne, maana mgonjwa hasindikizwi na wachache kama maiti ya mgeni. Sidi alikuwa na sanduku kichwani. Ruwa alitembea kando ya kitanda akimfukuzia mgonjwa nzi kwa upepeo, kwa moyo safi kabisa, kwa sababu mkewe hakumwambia lolote.

"Jikaze, bwana," akamwambia feri ilipokuwa ikivuka. "Maumivu ya tumbo nayajua mimi."

Mwinyihaji akageuza uso upande wa maji. Yawezekana ilikuwa ni haya. Yawezekana ilikuwa ni mafuta ya nyonyo.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya kulipia kwanza. Palikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha karani mwenye miwani.

"Niacheni hapa," Mwinyihaji akanong'ona. "Nipeni sanduku nilipe mwenyewe. Nendeni, mtakosa feri."

"Usijichoshe," Sidi akasema. Akainama akautoa ufunguo shingoni mwake kwa upole, kama anayemvua mtoto hirizi, na mgonjwa hakuweza kumzuia, kwa kuwa mgonjwa mahututi hana nguvu na watu kumi na wanne walikuwa wakitazama. Bi Mwanakheri akafungua sanduku mbele ya wote.

"Kitanda, upasuaji, na dawa," akasema karani. "Mia nne na hamsini. Jina la mgonjwa?"

"Andika mwanachama wa Bima ya Timbwani," akasema Sidi.

"Nataka jina, mama."

"Jina daktari ataliuliza mwenyewe, bwana karani. Wenye pesa ni Bima. Au Bima haina haki ya risiti?"

Karani akawatazama watu wote waliokuwa wakimpumulia dirishani, akaandika alivyoambiwa. Pesa zikaingia ndani kwa kishindo cha bati. Mwinyihaji alizisikia zikienda moja moja, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, tumbo lilimuuma kweli.

Daktari alikuwa Mhindi mpole mwenye vidole baridi. Akambonyeza hapa, Mwinyihaji akalia. Akambonyeza pale, akalia. Akamshika goti, akalia pia, asije akakosea.

"Kila mahali!" akasema daktari kwa mshangao. "Hii imeenea. Hatungoji kesho. Sista Pascalia, mtayarishe."

Sista Pascalia alikuwa muuguzi wa Kitaita, mrefu, mwenye haraka. Alimvika shati la hospitali lililo wazi mgongoni, akaleta beseni la maji ya sabuni.

"Hicho nini, sista?"

"Wembe."

"Ndevu zangu si nzuri tu hivi?"

"Nani amesema ndevu?"

Mwinyihaji akauangalia wembe. Akaangalia mlango: nje yake wamekaa watu kumi na wanne kwenye sakafu, wanamsomea dua. Akaangalia kigari cha kusukumia wagonjwa kinavyoingia chenyewe kama jeneza lenye magurudumu.

"Naomba kwenda msalani."

"Nenda. Usikawie."

Hakukawia. Watu wa mtaa wa nyuma ya hospitali walisimulia kwa miaka kwamba walimwona mtu akiruka kutoka dirisha la choo, pekupeku, ameshika shati kwa nyuma kwa mikono miwili, anakimbia kuelekea njia ya Changamwe kwa mbio ambazo mtu wa kidoletumbo hajapata kuzipiga. Wauza kahawa walimpisha. Mbwa mmoja alimfuata kwa heshima, akaona hamuwezi, akarudi.

Wodini Sista Pascalia alibisha mlango wa choo mara tatu, akaufungua. Kisha pakawa na kelele.

"Ametoroka!" Fundi Ishaka alishika kichwa. "Pesa zetu! Karani, turudishie!"

"Pesa ikishaingia dirishani haitoki," akasema karani. "Kitanda mmelipia, kitanda mnacho. Mgonjwa ndiye hamna."

"Tunaye," akasema Sidi.

Akamshika Ruwa mkono akamsogeza mbele. Ruwa alikuwa bado ameshika upepeo wa nzi.

"Risiti yasema mwanachama wa Bima ya Timbwani. Huyu ni mwanachama. Amelipa saba wengine walipolipa tano."

"Lakini, mama," Fundi Ishaka akaanza, maana mtu akishaipenda kanuni huwa vigumu kuachana nayo, "ugonjwa wake ulikuja kabla ya kadi."

"Fundi Ishaka," akasema Bi Mwanakheri. "Hiyo kanuni ni ya nani?"

"Ya Mwinyihaji."

"Yuko wapi?"

Wote wakageuka kutazama upande wa choo.

"Kamwite basi, aje atusomee. Sisi twangoja."

Fundi Ishaka alifungua mdomo, akaona watu wanavyomtazama, akakumbuka kwamba ana kadi tatu na akili moja. Akaketi.

Daktari akamlaza Ruwa, akambonyeza mara moja tu, akakunja uso kwa namna ambayo hakumkunjia yule mwengine. "Huyu mmemleta kwa miguu? Huyu ndiye wa kubebwa. Siku chache zaidi, mngalikuja kuchukua maiti." Akanawa mikono. "Ningependa kumpasua leo hii, kigari kiko tayari. Lakini haiwezekani, atakuwa amekunywa chai na kula. Mtu huja tumbo tupu."

"Tumbo ni tupu, daktari," akasema Sidi. "Tangu jana magharibi hajatia kitu mdomoni."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Sidi!" Ruwa akainua kichwa. "Uliniambia makaa yamelowa!"

"Yalilowa," akasema Sidi. "Lala."

Bi Mwanakheri alimgeukia taratibu, akamwangalia kuanzia leso ya kichwani mpaka kandambili za miguuni, kama anayemwona leo.

Ruwa alitolewa chumba cha upasuaji saa kumi, ameshonwa vizuri kuliko kanzu yoyote ya Fundi Ishaka. Jumapili Timbwani ilivuka kuja kumjulia hali, watu arobaini kwa kitanda kimoja, mpaka Sista Pascalia akawagawa kwa zamu. Shilingi zilizobaki Bi Mwanakheri alizifunga pindoni, na wanachama wakapatana kuendelea kutoa shilingi moja moja, bila nyoka wala muhuri, na kila aliye mgonjwa awe mgonjwa. Fundi Ishaka alitaka kujua kama kadi zake tatu zitahesabiwa. Wageni wakaambiwa wampishe fundi apate hewa, akatolewa nje.

Bi Mwanakheri alibaki kidogo, anamenya chungwa.

"Sidi, mwanangu. Wageni wamekwenda. Ulijua atakimbia?"

"Ningejuaje, mamangu?"

"Na kama asingekimbia?"

Sidi alimlisha mumewe kipande cha chungwa, akamfuta kidevu.

"Angepasuliwa," akasema. "Mimi nilileta wagonjwa wawili hospitali. Mmoja akapona alipoona wembe. Kuna ubaya gani?"